Wauza kadi za grafiki, huu uongo wa "chomeka tu, itasoma" ukome

Wakuu, hili limezidi.

Mteja anaingia dukani ana skrini mbili, anataka kuongeza ya tatu na ya nne. Muuzaji hamuulizi kadi ya grafiki (inayopeleka picha kwenye skrini) aliyonayo ni ipi wala anatumia Windows gani. Anavuta kadi kuukuu kabatini: "Chomeka tu, itasoma." Ikifika nyumbani, ama hiyo ya kuongeza haisomi, ama inasoma halafu kadi yake kubwa ya awali inapigwa alama ya njano ya hitilafu kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows. Mteja akirudi anaambiwa mazabodi yake (ubao mkuu wa kompyuta) imechoka. Mazabodi ni nzima!

Kinachogombana ni draiva, yaani programu ambayo Windows huitumia kuendesha kadi. Tena kinyume kabisa na wanachohubiri madukani, kadi za kampuni mbili tofauti hukaa pamoja kwa amani kuliko kadi mbili za kampuni moja zilizopishana umri. Ile habari ya "lazima ziwe kampuni moja" inatoka enzi za Windows Vista, 2007, iliyotaka kadi zote ziendeshwe na draiva moja. Windows 7 ilipotoka 2009 sharti hilo likaondoka. Tangu hapo Radeon (ya AMD) na GeForce (ya NVIDIA), au grafiki za Intel zilizo ndani ya prosesa na yoyote kati ya hizo, kila moja inapakia draiva yake na kazi inaendelea.

Penye moto ni GeForce mbili. Zote zitaendeshwa na toleo moja la draiva ya NVIDIA, kwa hiyo toleo hilo lazima lizijue zote mbili. Kadi za kizazi cha Fermi (GT 610 imo) ziliishia draiva 391.35 ya Machi 2018. Za Kepler, kama GT 710, ziliishia mfululizo wa 470. Sasa pigeni hesabu. GT 710 na GTX 1650 zinawezekana, mradi uweke toleo la mfululizo wa 470 la mwaka 2021 na usilisasishe. Ukipanda juu ya hapo, GT 710 inapotea. GT 710 na RTX 4060 haziwezekani, kwa sababu RTX 4060 ilitoka 2023 na draiva za 2021 haziijui. Hapo hakuna ujanja wa fundi, na fundi anayekutoza hela ya "kuflashi" (kuandika upya programu ya ndani ya kadi) ili zikubaliane anakuibia.

Na sasa GT 730, ambayo ndiyo uchungu wa uzi huu. Jina ni moja, chipu ni mbili. Ipo yenye chipu ya GF108, ambayo ni Fermi, kori 96, njia ya kumbukumbu biti 128. Ipo yenye GK208, ambayo ni Kepler, kori 384, biti 64. Mnunuzi anaona biti 128 anadhani ndiyo bora, na muuzaji anamsukumia hiyo hiyo: draiva yake imekwama 2018 na haiwezi kukaa na GTX 1650 ya 2019. Kampuni iliyozipa chipu mbili jina moja ina lawama yake, lakini muuzaji anayo kompyuta dukani. Kufungua GPU-Z (programu inayoonyesha chipu ya kadi) na kusoma neno GF108 au GK208 ni kazi ya dakika moja. Kwa nini haifanywi?

Kabla hata ya kununua kadi, tazameni kama prosesa ina grafiki za ndani. Intel ya kizazi cha 2 inaendesha skrini mbili, ya kizazi cha 3 inafika tatu. Zenye herufi F mwishoni, mfano i5-10400F, hazina kabisa. Mazabodi nyingi huzima grafiki za ndani mara kadi inapochomekwa, ndiyo maana watu huambiwa "tundu la nyuma limeungua". Halijaungua. Ingia BIOS (mipangilio ya mazabodi kabla Windows haijawaka), tafuta iGPU Multi-Monitor (wengine huiita IGD Multi-Monitor, au Internal Graphics), iwashe, kisha skrini ya kwanza iache kwenye kadi. Kuna mashine haina chaguo hilo, na hapo ndipo kadi ya pili inapohalalika.

Idadi ya matundu nayo isikudanganye. Kadi ya Fermi ikiwa na HDMI, DVI na VGA bado inawasha skrini mbili tu kwa wakati mmoja. Radeon HD 5000 na HD 6000 hivyo hivyo: HDMI, DVI na VGA zinagawana saa mbili za ndani (vipima mapigo vinavyoendesha skrini), na skrini ya tatu inataka DisplayPort. Ukiweka adapta ya bei chee ya DisplayPort kwenda HDMI, ile isiyo na chipu ya kubadilisha mawimbi, inaomba saa ileile na skrini inabaki nyeusi. Inatakiwa adapta amilifu. Ulizeni neno hilo dukani, muone wangapi watajibu.

Sloti (tundu la PCIe kwenye mazabodi inapochomekwa kadi) nayo ina yake. Dirisha linalochorwa na kadi kubwa likivutwa kwenda skrini ya kadi ndogo, kila picha inapaswa kunakiliwa kupitia sloti. 1920 × 1080 kwa baiti 4 ni kama MB 8.3, mara 60 kwa sekunde ni MB 498. Sloti ya x1 (yenye njia moja ya data) ya PCIe 2.0 upeo wake kwenye karatasi ni MB 500 kwa sekunde. Hapo video itakwamakwama, na kubadilisha kebo hakusaidii. Mtumie sloti ya x4 (njia nne), au kwenye Windows 10 toleo la 1803 na kuendelea, fungueni mipangilio ya Display, sehemu ya Graphics, muipangie programu husika kadi inayoshika skrini hiyo.

Aliyekwisha kuvuruga draiva: pakua kwanza toleo sahihi, chomoa intaneti ili Windows Update isiingize lake, ingia Safe Mode (Windows ikiwaka na vitu vya msingi tu), safisha kwa DDU (programu ya kufuta draiva za grafiki), zima, kadi zote mbili ziwe zimechomekwa, washa, sakinisha mara moja.

Tunachodai wauzaji ni kidogo: andikeni jina la chipu kwenye risiti, pamoja na toleo la mwisho la draiva ya kadi hiyo. Na mteja akirudi na GF108 aliyoambiwa itakaa na GTX 1650, rudisheni hela yake bila maneno.