Merikani ya bibi ilifumwa na nani?

mjukuu_wa_pwani: Wakuu habari za jioni, bibi yangu kile kitambaa kigumu cha pamba alikuwa anakiita merikani, juzi ndo nimejua kumbe kweli kilikuwa kinatoka Marekani, meli za Salem, bandari ya huko Massachusetts, zinakishusha Zanzibar enzi za Sayyid Said. Sasa waliokifuma ni kina nani? Watumwa?

fundi_cherehani: Mabinti mkuu. Chukua Lowell, mji wa viwanda vya nguo huko Massachusetts, miaka ya 1830 na 40, kampuni zilikuwa zinaokota mabinti wa wakulima kutoka New Hampshire, Vermont na Maine, wanalala mabweni ya kampuni, kengele inawaamsha alfajiri na saa 4 usiku mlango unafungwa. Kazi kama saa 73 kwa wiki. Na madirisha hayafunguliwi, maana hewa ikikauka uzi unakatika, so joto na vumbi la pamba vyote unavuta wewe. Kilichonichefua mimi ni kile kidude kinachopitisha uzi, ukiweka uzi mpya unaunyonya kwa mdomo upite kwenye katundu, kesho mwenzio naye ananyonya hapohapo, sasa awe na kifua kikuu mmoja tu hapo!

bi_mshindio: Ila hawakukaa kimya jamani. 1834 mshahara ukakatwa wakagoma, 1836 hela ya bweni ikapandishwa wakagoma tena. Halafu akaja Sarah Bagley, mfumaji mwenzao, na chama chao cha wafanyakazi wanawake, 1845 wakapeleka maombi bunge la jimbo kazi iwe saa 10 kwa siku, bunge likawajibu eti hilo si la kwake. Massachusetts imekuja kupitisha sheria ya saa 10 kwa wanawake 1874, wale mabinti washakuwa wabibi.

mjukuu_wa_pwani: Kwa hiyo jasho la utumwa halimo, afadhali.

fundi_cherehani: Weee taratibu. Pamba ya kufumia ilitoka mashamba ya kusini, huko ndo ilichumwa na watumwa. Ndo maana vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 vilipoanza pamba ikaadimika mpaka merikani ya kwao ikapotea sokoni Zanzibar, Waingereza na Wahindi wakajaza pengo.

bi_mshindio: Na ya bibi yako usiapie sana, miaka ya 1930 merikani kibao zilikuwa za Japani, jina ndo lilibaki 😂

mjukuu_wa_pwani: Daah, na nilishaanza kulitafuta lile shuka kabatini nione kama lina mhuri