Naomba ushauri: kutia turbo RX-7 ya zamani, niko Mombasa

Kisauni_Rotari
Asalaam aleikum wadau. Nina Mazda RX-7 ya mwaka 1984, ile ya kwanza yenye taa za kuinuka, usukani wa kulia, injini 13B ya kabureta, ile ya rotari (rota za pembe tatu zinazozunguka badala ya pistoni). Bodi ni safi, kutu ni kidogo tu chini ya milango kwa sababu ya chumvi ya bahari. Nataka kuitia turbo, busti (presha ya hewa ya turbo) ndogo, psi 6 au 7, ipate pumzi barabara ya Mtwapa. Swali langu ni moja: manifoldi ya eksozi nichomeleshe ya chuma cha kawaida au stenlesi? Fundi anangoja jibu wiki hii, na kwa kweli sipati usingizi.

Mzee_wa_Sili
Waaleikum salaam. Manifoldi ingoje kwanza. Kompresheni (mbano wa hewa ndani ya injini) ni ngapi? Nataka rota ya mbele na ya nyuma, nyuso tatu za kila moja.

Geji ya injini ya pistoni hukupa ile namba kubwa tu, na uso mmoja mbovu hujificha nyuma ya wenzake wawili wazima. Washa injini ipate moto, zima, toa plagi za juu, kata umeme wa koili. Chomoa kile kivalvu kidogo kwenye shingo ya geji, funga geji mahali pa plagi, kanyaga mafuta mpaka mwisho, piga stata. Sindano itaruka mara tatu, tena mara tatu. Miruko yote iwe sawa. Mmoja ukilegea, sili ya ncha (kipande kinachoziba pembe ya rota) upande ule imekwisha. Kisha rudisha kivalvu usome namba: stata ikizungusha kama mizunguko 250 kwa dakika, chini ya psi 85 injini hiyo imechoka.

Boti_na_Gari
Mimi nitasema la oili, maana wengi hulisahau. Rotari hula oili kwa makusudi: kuna pampu ndogo inayodondosha oili ndani ya chumba ili sili za ncha zisikwaruze ukuta. Ukitia turbo joto linaongezeka na sili zinataka zaidi. Changanya oili ya tu-stroki kwenye petroli, ile ya mashine za boti inapatikana kila duka la vifaa vya uvuvi. Ikiwa ile pampu umeiondoa, mililita 8 kwa kila lita. Ikiwa bado inafanya kazi, nusu yake yatosha. Tia oili kwanza, petroli juu yake, ndipo ichanganyike vizuri.

Kisauni_Rotari
Shukran wazee. Kompresheni haijapimwa, lakini injini ni nzima. Asubuhi naigusa tu ufunguo inawaka. Fundi ameisikiliza akasema haina tatizo. Nirudi kwenye manifoldi tafadhali.

Tudor_Rejeta
Kaka, manifoldi ni chuma kinene, stenlesi nyembamba itapasuka. Moshi wa rotari hutoka mkali kuliko wa pistoni kwa kuwa hakuna valvu wala njia ndefu ndani ya hedi ya kuupoza. Basi, hilo limeisha.

Kubwa kwangu ni kupoza. Block hiyo ni tabaka: chuma, alumini, chuma, alumini, chuma, zimebanwa pamoja kwa bolti ndefu. Alumini hutanuka kuliko chuma, na katikati kuna sili nyembamba za maji. Ikichemka mara moja tu sawasawa, sili hizo zinaweza kuondoka. Kwa joto letu, na foleni ya Makupa saa kumi na moja jioni hewa haipiti mbele, rejeta ya zamani haitoshi. Na usiishie kwenye maji. Rota zenyewe hupozwa na oili kwa ndani, kwa hivyo kula (kipozeo) ya oili ni lazima iwe ile ya mbele inayopigwa na upepo. Kuanzia 1983 baadhi ya gari hizi zilitoka na kile kidude cha mviringo juu ya filta, kinachopoza oili kwa maji ya rejeta. Kwa turbo hakifai.

Mzee_wa_Sili
Kisauni, umesema asubuhi inawaka. Ikiwa moto je? Ukizima dakika kumi halafu ukawasha?

Bima_Kwanza
Mimi naona hakuna aliyemuuliza kuhusu bima. Gari likibadilishwa nguvu na kampuni ya bima haijaarifiwa, siku ya ajali utabaki peke yako. Na breki hizo ni za miaka arobaini. Barabara ya Malindi ina watoto wa shule wanavuka, ina tuktuk, ina mbuzi. Kijana, nguvu bila breki ni hatari kwa watu wasio na habari na turbo yako.

Kisauni_Rotari
Breki nitazishughulikia, inshallah.

Mzee, nikuambie ukweli. Ikiwa moto haiwaki. Nikizima kwenye foleni ya feri ya Likoni, stata inazunguka tu mpaka vijana wanisukume. Ikisukumwa inawaka. Fundi amesema ni kabureta inamwaga petroli, akishatia turbo atairekebisha yote pamoja.

Na turbo nimeshanunua. Ni ya Subaru Forester, TD04, bei ilikuwa nzuri na haina mchezo kwenye shafti. Fundi nimemlipa nusu. Ndiyo sababu nauliza manifoldi peke yake.

Mzee_wa_Sili
Sasa tumefika. Kabureta inaweza kumwaga, sikatai. Lakini inayowaka baridi, ikakataa moto, ikakubali kusukumwa, hiyo ni dalili ya kompresheni ndogo. Baridi, oili ni nzito na inaziba pengo la sili. Moto, oili imekuwa nyepesi, hewa inapita. Ukisukuma, injini inazunguka haraka kuliko stata na hewa haipati muda wa kuvuja. Injini ya namna hiyo ukiitia busti itaisha kabla hujafika Mtwapa.

Tudor_Rejeta
Na TD04 ni ndogo. Rotari hutoa moshi mwingi kuliko cc zake zinavyosema. Turbini ndogo itauziba, joto litarudi ndani. Westigeti yake (mlango wa kupitishia moshi wa ziada) ni tundu dogo, haitaweza kupitisha ziada, na busti itapanda yenyewe kupita pale ulipoiweka. Umepanga 7, unaona 12, injini inagonga (petroli inalipuka kabla ya wakati), sili inavunjika. Kipande cha sili kikitoka kinapita kwenye turbini, unapoteza vyote viwili.

Chuma_Mbili
Samahanini, mimi naona hadithi hii haikai sawa. RX-7 ya umbo hilo yenye 13B kutoka kiwandani ilikuwa GSL-SE, 1984 na 1985, ya Amerika Kaskazini, usukani wa kushoto, tena ya injekta. Huyu anasema usukani wa kulia na kabureta. Ama ameitunga, ama hajui alicho nacho. Logbuku inasema cc ngapi?

Boti_na_Gari
Huenda injini ilibadilishwa. Hilo linatokea.

Chuma_Mbili
Basi apime. Fungua boneti, tazama ubavuni mwa injini chini ya kabureta. Utaona tabaka za chuma zenye kutu na mbili za alumini. Weka rula kwenye tabaka moja ya alumini, ukingo hadi ukingo. Milimita 80 ni 13B. Milimita 70 ni 12A, ndugu yake mdogo.

Kisauni_Rotari
Nimepima kwa tochi, nimefuta grisi kwanza. Ni 70. Na logbuku imeandikwa 1146. Wallahi sikutunga, niliuziwa kwa jina la 13B.

Chuma_Mbili
Naondoa neno langu, ndugu. 1146 ni 12A. Tena si injini mbaya: sili zake za ncha ni milimita 3, nene kuliko za 13B zilizokuja kuanzia 1986. Mazda wenyewe waliitia turbo kwenye RX-7 mwaka 1983 kwa soko la Japani. Lakini waliipa rota za mbano wa 8.5 na injekta. Yako ni 9.4 na kabureta.

Kisauni_Rotari
Kwa hivyo kwa kabureta haiwezekani? Fundi amesema ataweka tu boksi la hewa ya turbo juu yake.

Tudor_Rejeta
Inawezekana, ila boksi peke yake halitoshi. Pampu ya petroli ya gari hilo husukuma psi chache tu. Busti ya 6 ikiingia kwenye kabureta, petroli inazuiwa kuingia, mchanganyiko unakuwa mwembamba pale pale unapohitaji uwe mzito. Unataka pampu yenye nguvu zaidi, regyuleta inayopandisha presha ya petroli sambamba na busti, taimingi (wakati wa cheche) irudishwe nyuma, na geji ya mchanganyiko ikae karibu na 11 kwa 1 (hewa kwa petroli) chini ya busti. Fundi wako ametaja hata kimoja?

Kisauni_Rotari
Hajataja. Nimempigia, nimemwambia asichomelee chochote. TD04 nitaiuza, wenye Forester ni wengi hapa. Jumamosi napima kompresheni.

Mzee_wa_Sili
Vizuri. Chukua betri iliyojaa, na nyingine ya akiba na waya za kuunganishia. Stata ikizunguka kivivu namba zitashuka hata kama sili ni nzima. Andika rota ya mbele na ya nyuma mbalimbali, utuletee hapa. Na plagi ulizotoa zipige picha, nataka kuona rangi zake.