Matairi matatu au manne? Gumzo la familia kuhusu kigari cha mtoto

Mimi: Shikamooni wakubwa, wengine mambo. Nina swali na naomba msinicheke. Mimi na baba mtoto tunabishana toka juzi kuhusu kigari cha mtoto, yeye anataka kile cha matairi matatu yale makubwa ya upepo, mimi naona cha manne ndo kimetulia. Mwenye uzoefu aseme, maana ukiangalia picha tu vyote vizuri

Dada: Marahaba mdogo wangu. Kabla ya matairi, mtoto ataanza kukipanda akiwa na umri gani?

Mimi: Toka akizaliwa dada, si ndo maana tunatafuta sasa hivi

Dada: Basi anzia hapo. Mchanga shingo haijakaza, hakalishwi, anatakiwa alale flati kabisa. Vigari vingi vya matairi matatu hasa vile vya kukimbilia kiti chake kinalala nusunusu, mtoto anabaki kwenye mteremko, kichwa kinadondokea mbele kidevu kinagusa kifua na hapo pumzi inapita kwa shida. Kwaiyo angalia kama kiti kinalala mpaka mwisho, au kama kinakuja na kile kitanda cha kupachika juu ya fremu. Kama vyote hakuna, hicho sio cha mchanga hata kiwe kizuri vipi

Baba Mtoto: Shemeji nilichokiona kina kitanda cha kupachika. Nimesoma mpaka kile kijitabu chake

Dada: Haya shemeji umejitetea 😂

Bibi: mbona kama bajaji. haipinduki hiyo

Wifi: Hahahaha bibi jamani 😂😂

Mjomba: Bibi kauliza la maana msicheke. Kitu cha matairi matatu kinasimama kwenye pembetatu, kwa mbele huku hakuna kitu kwenye kona, kwaiyo uzito ukienda mbele na pembeni kwa pamoja kinalala. Mfano unashuka ukingo wa njia kwa kukata mshazari, tairi la mbele linatangulia chini, la nyuma upande mmoja bado liko juu, hapo ndo unaona kinainama. Dawa yake unashuka umenyooka, na bora zaidi unageuka unashusha matairi ya nyuma kwanza. Watengenezaji wanalijua hilo ndo maana nyuma wanapanua, na kiti wanakiweka chini

Mjomba: Ila kinachopindua vigari vingi hata vya matairi manne ni mifuko. Mtu ananing'iniza mizigo kwenye mshikio, mtoto akitolewa tu kigari kinaanguka chali. Mbaya zaidi ni mtoto akiwemo halafu ni mwepesi kuliko mizigo. Mzigo unakaa kwenye kapu la chini, basi

Mimi: Hilo la mifuko sikulijua mjomba, ahsante

Wifi: Wifi mimi niko upande wa kaka 😀 Njia za kwenu si za kokoto na mashimo? Vile vya manne vingi vina vitairi vidogo vya plastiki ngumu, ukifika kwenye mchanga au kokoto vya mbele vinajikunja vinakwama, unabaki unasukuma kwa kiuno na mtoto anatikiswa mpaka anaamka. Cha matatu tairi la mbele ni moja na linazunguka lenyewe, unakata kona kwa mkono mmoja, mkono mwingine una simu

Dada: Una simu 🙄

Wifi: Una mkoba basi dada, nimerekebisha

Mjomba: Na ukubwa wa tairi una kazi yake. Tairi dogo likikuta shimo linazama lote, kubwa linapita kwa juu halina habari. Hayo ya upepo nayo yanameza mtikisiko, ongeza na springi za nyuma mtoto analala safari nzima. Ubaya wake ni pancha kama baiskeli. Kuna matairi ya povu gumu hayajui pancha, hayataki pampu, mepesi pia, lakini yanadunda kidogo na yakiisha yameisha unanunua jipya

Baba Mtoto: Mjomba kwa uzoefu wako wa baiskeli unashauri lipi?

Mjomba: Mkwe kama njia ni ya vumbi na mawe mimi nachukua ya upepo sifikirii mara mbili. Ila uwe na pampu ya mkono nyumbani, na kiasi cha upepo kimeandikwa ubavuni mwa tairi ukifuate icho icho. Usilipeleke kwenye mashine ya upepo ya magari, tyubu ndogo kama ile inajaa kufumba na kufumbua inakupasukia usoni. Kama wewe unaishi kwenye lami na sakafu za vigae tupu, povu linakutosha

Shangazi: Jamani mimi nina kale kepesi ka kukunja kama mwavuli kamekaa tu stoo, kwanini hela ziharibike

Dada: Shangazi shikamoo, kale si ka mchanga, ni mpaka mtoto akae mwenyewe. Kama miezi sita hivi

Shangazi: Marahaba. Basi kanasubiri 😅

Mjomba: Tena ako kana historia shangazi usikadharau. Aliyekabuni ni Mwingereza Owen Maclaren mwaka 1965, injinia wa ndege, alishafanya kazi kwenye miguu ya kutua ya ndege za kivita za Spitfire. Ndo maana kanajikunja vile. Na hiki cha matairi matatu cha kukimbilia kilianzia Marekani 1984, mwandishi wa habari mmoja anaitwa Phil Baechler alitaka kukimbia mazoezi na mwanae, vigari vya kawaida vikamshinda, akachukua kimoja akakifunga matairi ya baiskeli

Wifi: Kwaiyo matairi matatu yametokana na mkimbiaji mwenzangu 💪

Baba Mtoto: Na mimi ndo napanga hivyo, asubuhi nakimbia na mtoto mama mtu analala

Mimi: Unakimbia lini wewe 😂😂😂

Dada: 😂😂😂

Bibi: kimya kimeingia

Baba Mtoto: Nitaanza jamani. Nipeni moyo

Wifi: Kaka nikupe moyo na nikuonye. Kwanza kuwa na matairi matatu haimaanishi ni cha kukimbilia, kuna vingi tu vya matatu ni vya kutembelea, kijitabu chake ndo kinasema. Cha kukimbilia ukweli kina matairi makubwa ya upepo, tairi la mbele lina loki ya kulinyoosha lisizunguke, kina breki ya mkono ya kupunguza mwendo kwenye mteremko na kamba ya kuvaa mkononi kisikuponyoke. Ile loki ni muhimu mno, ukikimbia na tairi linalozunguka likigonga kijiwe linageuka ghafla kigari kinajikunja mbele yako na wewe unakifata. Pili mtoto hakimbizwi kabla shingo na mgongo havijakaza, wengi wanasema angalau miezi sita, wengine wanakwambia subiri mpaka nane, na umuulize kwanza daktari wake. Na anakimbizwa kwenye kiti kafungwa mikanda, sio kwenye kile kitanda

Baba Mtoto: Kumbe mambo yote hayo. Kwaiyo mwaka wa kwanza nusu nzima ni kutembea tu

Wifi: Kutembea tu kaka

Mimi: Na mwaka wa pili pia tunakujua

Mjomba: Kwenye tairi la mbele nataka kuongeza moja. Mengi yanatoka kwa kile kishikio cha kufungua haraka kama cha baiskeli. Kizuri kwa kukunja ila kisipokazwa tairi linachomoka ukiwa mwendoni. Mwaka 2018 tume ya usalama wa bidhaa ya Marekani ilifungua mashtaka kwa sababu ya vigari vya matairi matatu vilivyokuwa vinachomoka tairi la mbele, watoto na wazazi waliumia. Kwaiyo kila ukilirudisha tairi, kaza, halafu nyanyua mbele ulivute kwa nguvu. Sekunde tano tu

Dada: Mi nataka kuuliza swali ambalo hakuna mwanaume kaliuliza humu. Hicho kigari kina kilo ngapi na nani atakua anakibeba kwenye ngazi?

Baba Mtoto: Kilo 12 na kidogo shemeji

Dada: Kilo 12, weka mtoto, weka mkoba wa nepi. Mdogo wangu mnakaa juu na lifti yenu mwenyewe ulisema siku nyingine inagoma. Mama katoka kujifungua, na kama ni kwa upasuaji ndo kabisa anaambiwa wiki kadhaa asinyanyue kitu kizito kuliko mwanae. Shemeji uko kazini mchana kutwa. Sasa hicho kigari kizuri kitakua kinatazamwa dirishani

Mimi: DADA 🙌🙌🙌 hiki ndo nilikua nashindwa kukisema

Baba Mtoto: Hapo mmenishika

Wifi: Kweli hilo sikulifikiria. Ila si kinaweza kufungwa chini kwenye korido? Unashuka na mtoto kwenye mbeleko unamuweka

Baba Mtoto: Mlinzi wa chini nitaongea nae, pale nyuma ya ngazi pana nafasi na pana geti

Dada: Kama kinabaki chini sawa, hapo nabadilisha mawazo. Maana kusukuma kwenyewe cha matatu ni chepesi kuliko hata vile vidogo, kazi yake ni kunyanyua tu

Mjomba: Hata kikibaki chini pima vitu viwili. Mlango wa lifti kwa siku mtakazopanda nacho, maana nyuma ni kipana kwa sababu ile niliyosema, tembea na futi upime tairi kwa tairi usipime kiti. Na buti la gari, kikunjeni pale pale dukani muone, vingi haviingii mpaka utoe matairi ya nyuma

Wifi: Afu kuna zile reli mbili za chuma wanazoweka pembeni ya ngazi za kupandishia vigari, cha matairi matatu hakipiti pale, la mbele liko katikati linaning'inia. Nimeshaona mtu anahangaika kwelikweli

Shangazi: Eti jirani yangu anauza chake cha matatu kimetumika, kiko safi, niwaulizie?

Mjomba: Ulizia shangazi ila kabla ya hela nikione. Cha kutumika kwanza angalia fremu kwenye viungo kama kuna ufa au pamechomelewa. Shika kila tairi ulitingishe pembeni, likicheza beringi zimekwisha. Weka mzigo ndani kama wa kilo kumi, kipeleke kwenye mteremko ukanyage breki, matairi yote mawili ya nyuma yashike sio moja. Kunja kunjua mara kadhaa usikie ile loki ya fremu inalia ta, kama haikazi kinaweza kujikunja na mtoto ndani. Na matairi ya mpira yaliyokaa muda mrefu yanapasuka nyufa ubavuni, hayo ni ya kubadilisha

Dada: Na mikanda iwe ya sehemu tano, mabega mawili, kiuno huku na huku, na ya katikati ya miguu. Wakikupa ya kiuno tu achana nacho. Na kijitabu chake kiwepo, kama hakipo utafute jina la modeli uone kama iliwahi kurudishwa kiwandani

Baba Mtoto: Kile kipya nilichokiona kina stika ya EN 1888, nikaangalia ni kiwango cha usalama cha Ulaya cha vigari. Sehemu ya kwanza ni mpaka kilo 15, ya pili ni ya watoto wa zaidi ya 15 mpaka 22

Mjomba: Safi mkwe. Stika hiyo sio mapambo

Bibi: na jua je. msimfunike na shuka juu atachemka mle ndani

Dada: Umenena bibi. Watu wanatupia kanga juu ya kofia ya kigari wanadhani wanamkinga kumbe hewa haiingii na joto linapanda haraka. Chagua chenye kofia ndefu na dirisha la wavu, au mwavuli wa kubana pembeni

Mimi: Sawa jamani. Mimi nimekubali matatu ila kwa masharti, kitanda kiwepo, tairi la mbele lizunguke na liwe na loki, mshikio upande na kushuka maana baba mtoto mrefu mimi mfupi sitaki kusukuma kama nimenyoosha mikono juu, na kikae chini kwa mlinzi. Kama mlinzi akikataa tunachukua chepesi cha manne kinacholala flati na hakuna kubishana

Baba Mtoto: Nimekubali mbele ya mashahidi. Kesho naongea na mlinzi, jioni tunaenda kukijaribu na futi naibeba

Mimi: Na mimi ndo nakisukuma dukani, wewe unakaa pembeni

Wifi: Mjaribu kwa mkono mmoja wifi, na mpite nacho kwenye ukingo wa nje kama wakiruhusu, ndani kwenye vigae vyote vinateleza vizuri

Shangazi: Kwaiyo cha jirani nisiulizie?

Mjomba: Ulizia shangazi, nipitie kukiona Jumamosi. Mwambie asikioshe kwanza, nataka nikikute kilivyo