Mjadala: Kibali cha utafiti kidai kila seti ya data itaje ndugu zake?

Mpanga Faili (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Nina hoja ambayo najua itawaudhi baadhi ya watafiti humu.

Mtu akitaka kufanya utafiti Tanzania anaomba kibali COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, pale Kijitonyama. Napendekeza liongezwe sharti moja. Ukimaliza kazi na kuhifadhi data yako, popote utakapoihifadhi, metadata yake, yaani maelezo yanayoitambulisha data hiyo, itaje kwa vitambulisho vya kudumu (namba zisizobadilika hata faili ikihamishwa) seti nyingine za data inazohusiana nazo, na iseme zinahusianaje. Kuandika tu kwamba "zinahusiana" hakumsaidii mtu.

Chukueni sensa mbili za mkoa wetu. Mwaka 2012 Dar es Salaam ilikuwa na wilaya tatu. Mwaka 2022 zilikuwa tano, kwa sababu Ubungo ilimegwa kutoka Kinondoni na Kigamboni kutoka Temeke. Mwanafunzi akizikuta faili zote mbili kwenye folda iliyoandikwa "Sensa Dar", ataziunganisha kwa jina la wilaya. Kinondoni itashuka kutoka watu 1,775,049 hadi 982,328, na hapo hata aliyesinzia atashtuka. Ila tazameni Temeke: 1,368,881, kisha 1,346,674. Tofauti ni ndogo, haimshtui mtu, na tasnifu inatetewa kwa madai kwamba Temeke imeacha kukua. Kumbe watu 317,902 wa Kigamboni wanahesabiwa kwingine.

Viwango vipo siku nyingi. Dublin Core, kiwango cha kuandika metadata kilichotokana na warsha ya 1995, ina vipengele 15 na kimojawapo ni uhusiano. DataCite, shirika linalotoa vitambulisho vya kudumu vya data, nao wanakuwezesha kusema hii ni sehemu ya ile, hii imetokana na ile, hii ni toleo jipya la ile. Naomba kuwasilisha.

Mzee wa Dodoso

Mkuu, ugonjwa umeupata, dawa siyo. Shida ya Temeke ni mipaka. Ukijaza kwamba sensa ya 2022 inaendeleza ya 2012, mwanafunzi wako atapotea vilevile, tena safari hii kwa baraka za mfumo. Anachohitaji ni kujua "Temeke" ndani ya faili hii ina kata zipi, na hilo huwezi kulibana kwenye kisanduku kimoja cha fomu.

Halafu, nani atajaza? Bajeti za tafiti hapa mjini nazijua: posho za wadodosaji, nauli, vocha, chai ya semina. Mstari wa mtu wa metadata sijauona bado. Sharti likija litajazwa usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi ripoti, kwa kunakili alichoandika mwenzako.

Binti Takwimu

Mzee, hapo kwenye kisanduku kimoja nakuunga mkono. Ndiyo maana wenzetu wa tafiti za jamii wana DDI, kiwango chao cha metadata, ambacho kinashuka hadi kwenye swali na safu moja moja ya data. Toleo lake la 3, la mwaka 2008, lilileta namna ya kuziweka tafiti kadhaa kwenye kundi moja: yanayofanana yanaandikwa mara moja tu, kisha kila awamu inaeleza ilipotofautiana na nyingine.

Faida yake mtaiona kwenye NPS, ule utafiti wa NBS (Ofisi ya Taifa ya Takwimu) unaorudi kwenye kaya zilezile. Ulianza 2008/09 na kaya 3,265, na awamu tatu za kwanza zilizifuatilia hizo. Ilipofika 2014/15 sehemu kubwa ya sampuli ikawa mpya, za zamani zikabaki baadhi. 2019/20 zikafuatwa zile za zamani, 2020/21 zikafuatwa zile mpya. Ukisoma majina ya faili unaona mfululizo mmoja ulionyooka. Ukifuata kaya unakuta matawi mawili! DCAT, kiwango cha kuorodhesha data cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, katika toleo la 3 la mwaka 2024 imeongeza kitu kinachoitwa mfululizo wa seti za data. Kinapanga vizuri kwa miaka, lakini ukiishia hapo matawi umeyafukia.

Swali kwa mleta mada: nani mwenye mamlaka ya kusema seti hizi mbili ni kundi? Aliyekusanya, aliyehifadhi, au anayezitumia?

Mkutubi Mstaafu

Mkutubi. Miaka yote tumepanga vitabu bila kumuuliza mwandishi kama anampenda jirani yake wa rafuni.

Kanzu Nyeupe

Mnaongea kana kwamba kuunganisha ni heri tu. Mnajua DHS, ule utafiti wa afya na demografia, husogeza kwa makusudi nukta za ramani za maeneo uliyofanyika? Mjini hadi kilomita 2, vijijini hadi 5, na chache za vijijini hadi 10. Lengo ni kaya isitambulike. Sasa wewe unaleta ramani inayomwonyesha kila mtu seti ipi iko jirani na ipi. Moja ina umri na kata, nyingine ina kipimo cha VVU, ya tatu ina kazi anayofanya mtu. Hakuna yenye jina, ila ukizipanga pamoja, mtaani watamjua. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, nani atajibu?

Mpanga Faili

Daktari, metadata haifungui faili. Seti inaweza kufungwa kabisa na bado ikajulikana kuwa ipo na imetokana na nini. Za wagonjwa ziishie hapo, kamati za maadili ndizo ziamue nani anazisoma pamoja.

Binti, jibu langu ni aliyekusanya. Mkutubi hawezi kujua kwamba sampuli ilibadilishwa 2014 kama hakuambiwa. Mtumiaji naye aruhusiwe kuongeza uhusiano, kwa jina lake, pembeni.

Mzee wa Dodoso

Basi tuanze na dogo. Litengenezwe jedwali moja la mipaka ya Dar, la 2012 kwenda 2022, lishuke hadi mtaa maana kata nazo zinagawanywa. Lipewe kitambulisho chake lenyewe, na kila seti yenye jina la wilaya ilitaje. Hilo naliunga mkono leo hii, na kibali msikiguse.

Binti Takwimu

Mzee, na mtaa ukigawanywa kesho, nani analipwa kulisahihisha?