Naomba ushauri: sebule ina vitu vyote ila haijakamilika
Habari zenu wapendwa. Sebule yangu ina kochi la kijivu, zulia na meza ya kioo, lakini ukiingia unaona kama watu wamehamia jana. Ukuta wa nyuma ya kochi ni mtupu. Nilitundika picha moja ndogo, ikawa kama stempu kwenye bahasha kubwa, nikaishusha; tundu la msumari bado lipo. Najua picha inapendeza ikifikia kama theluthi mbili ya upana wa kochi, na katikati yake iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni. Sasa nitafute moja kubwa au nipange tatu? Mito ya rangi ya haradali itaendana na kijivu? Taa ya pembeni naitamani mno, maana ile ya darini peke yake inakipooza chumba jioni. Nianze na kipi?