Tupeane uzoefu: neno gani la Kiingereza limekukaa kichwani, na ulilipata vipi?

Assalaam alaykum jamani. Mie wakati wa skuli nilikuwa na buku zima la maneno, nayatoa kwenye kamusi kuanzia A, thalathini kwa siku, nikifika B yale ya mwanzo yote yashanitoka. Sasa natembeza wageni Paje na maneno yaliyonikaa kweli nimeyapata pwani. Siku moja mgeni kaniambia leo "spring tide", mie nikakataa, spring najua ni ule msimu wao baada ya baridi na hapo tuko Oktoba. Akanifahamisha kuwa hiyo spring ni ya kuruka, maji yanajaa sana na yanakupwa sana, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Nikamwambia kumbe ndo bamvua, siku wanazoteremka kina mama kwenye mwani! Na maji mafu, yale yasiyojaa sana wala kukupwa sana, wao wanaita "neap tide". Hayo mawili sijayaandika popote na sijayasahau. Nyie wenzangu vipi?

Wa Wete:
Waalaykum salaam. Mie nimekulia kwenye karafuu, nimechambua tangu mdogo, kwa hiyo "clove" kwangu ni karafuu hakuna jengine. Nikapata kazi jikoni hotelini, shefu akaniambia tia "three cloves of garlic", nami nikatia thomu na karafuu tatu juu yake, mchuzi ukaharibika nikasemwa mbele ya wenzangu, iliniuma sana wallahi. Dada mmoja wa pale ndo akanieleza taratibu kwamba ile ni punje ya thomu, ni maneno mawili mbalimbali yamefanana tu, na hili la karafuu limetokana na neno la Kifaransa la msumari. Hebu itizame karafuu kavu, ina kichwa na mguu, msumari kabisa! Tokea siku ile neno lenye maana mbili naliandikia sentensi mbili.

Wa Michenzani:
Kwangu tabu ilikuwa zile za "put". Put off kuahirisha, put out kuzima moto, put up with kuvumilia, kila neno peke yake unalijua, yakikaa pamoja hujui kitu. Mimi na dada yangu tukawa tunachukua moja kila jioni barazani, lazima ulitungie sentensi ya mambo ya nyumbani siku hiyo hiyo, maji yakikatika ndo "I can't put up with this", mpaka mama akawa anaitumia. Kamusi tunafungua mwisho, kuhakikisha tu.

Mwenye mada:
Ahsanteni sana. Wa Wete pole kwa yaliyokukuta, na nakuuliza, yale makonyo, vijiti vinavyobaki karafuu zikishachambuliwa, wao wanayaitaje? Wageni huniuliza kila wakiyaona yameanikwa.

Wa Wete:
Clove stems. Mwambie na anuse, yana harufu yake.