San Miguel de Allende: muziki wa usiku uzimwe mapema, au asiyetaka kelele ahame?

Mchongoma:
Wakuu salaam. Mimi kazi imeniweka Querétaro, katikati ya Mexico, na wikiendi nashuka San Miguel de Allende kupunga upepo maana sio mbali. Mji wa enzi za Wahispania ule, mawe na makanisa, UNESCO waliuingiza Urithi wa Dunia 2008, na usiku haulali. Pale Jardín, bustani ya katikati ya mji, mbele ya Parroquia, lile kanisa lao la parokia, bendi za mariachi zinagombania wateja, jumamosi harusi zinapita na masanamu marefu ya karatasi yanacheza (wanayaita mojigangas) na punda kavishwa maua kabeba tekila, ukiinua macho juu ya paa kuna baa na paa la jirani nalo baa. Sasa ubishi ni kwamba wakazi wa katikati wanataka muziki uzimwe mapema, wenye hoteli na wanamuziki wanasema mtatuua njaa. Sheria ya kelele ya nchi nzima ipo, NOM-081, makazi desibeli 55 mchana na 50 kuanzia saa nne usiku, ila sherehe na matamasha wameachiwa hadi 100 kwa muda wa masaa manne, haya niambieni harusi inayokatiza mtaani inaangukia wapi. Msimamo wangu: wengi wanaolalamika ni wastaafu wa Kimarekani, wamefuata huohuo uchangamfu, wakishanunua nyumba wanataka ukimya wa makaburini. Mnasemaje?

Bi Mkubwa wa Tabata:
Mwanangu, hilo neno wastaafu umelitamka kama tusi. Mimi mstaafu na usingizi wangu ni haki yangu. Halafu hao unaowacheka ndio walioufufua huo mji, ulikuwa umelala, akaja kijana wa Kimarekani Dickinson 1937 akaanzisha shule ya sanaa, baada ya vita vikuu vya pili askari wa Marekani wakaja kusoma kwa hela ya serikali yao, ndo baa na majumba ya michoro yakapata wateja. Bila wao ungeenda kupunga upepo gani?

Kisebusebu:
Shikamoo mama, ila shule hakuanzisha Dickinson. Ni Mperu, Felipe Cossío del Pomar, 1938, kwenye jengo lililokuwa la watawa wa kike, leo linaitwa Bellas Artes, na mpaka kesho kuna chumba kina mchoro wa ukutani wa Siqueiros, mchoraji wa Mexico, haujaisha kwa sababu aligombana na mwenye shule wa wakati huo akaondoka. Dickinson alikuwa mkono wa kulia tu. Kila kitu mnampa Mmarekani. Na kama mnataka usiku nendeni Guanajuato mjini, ingawa nako wanatuuzia utamaduni wa kuazima, vijana wa chuo wanavaa majoho meusi na soksi ndefu kama Wahispania wa zamani wanazunguka vichochoroni na magitaa. Hiyo ni Mexico au maigizo?

Pweza Mkavu:
Wa kuazima??? Kwani taarabu uliikuta inaota Makunduchi? Sultani Barghash kaitoa Misri, na leo mtu akikwambia sio yetu unamwaga povu. Estudiantina ya Chuo Kikuu cha Guanajuato, yaani hao vijana wa majoho, ipo toka 1963, kuna watu wameoa nayo wamezeeka nayo.

Kisebusebu:
Usinichanganyie habari. Taarabu tuliigeuza, Siti binti Saad kaiimba kwa Kiswahili, akaenda kurekodi Kairo, ikatoka ikulu ikawa ya uswahilini. Wale wa Guanajuato hata nguo hawajabadilisha.

Pweza Mkavu:
Na wazee wa taarabu waliovaa tarbushi, hilo ni vazi la Pemba sio? 😂

Nyakio wa Thika:
Watu wa coast mshaanza. Mimi nilisomea Guanajuato, hebu niwaambie hiyo matembezi ya vichochoroni mnayopigania, wanaiita callejoneada, inaendaje. Unanunua tiketi hapo karibu na Teatro Juárez, mnafuata wale vijana mkiimba mkipanda vichochoro, kila kona mnasimama kuskiza vichekesho, na mara nyingi mnapitia Callejón del Beso penye roshani mbili zimekaribiana mpaka watu wanaweza busu kutoka nyumba mbili. Ukiwa mgeni ni poa kabisa. Lakini chumba changu kilikuwa juu ya moja ya hizo kona na vichekesho ni vilevile kila usiku, nilikuwa najua hadi pale watu watacheka. So ukisema wanaolalamika ni Wamarekani pekee, zii. Majirani zangu walikuwa Wameksiko, mmoja mama wa kuuza tamale, chakula cha unga wa mahindi, anaamka kabla ya jogoo. Tofauti ni kwamba yeye hana namba ya mtu yeyote kule manispaa.

Mchongoma:
Dada yangu umenena, ila San Miguel ni kesi nyingine, pale katikati wenyeji kibao washauza nyumba wakahamia pembeni, kwa hiyo mama tamale wa pale hasumbuliwi, yuko mbali.

Nyakio wa Thika:
Kwa hivyo kuhamishwa ndio dawa ya kelele? Wow.

Mzee Kigogo:
Mbona hamsemi Kanisa? Sikukuu ya Malaika Mkuu Mikaeli, mwishoni mwa Septemba, wanayo Alborada. Saa kumi alfajiri watu wamefurika mbele ya Parroquia na fataki zinalia karibu saa nzima, mbwa wanakimbia mji. Hapo sijaona mtu akitoa kipimo cha desibeli. Ila Mazatlán 2024, ule mji wa pwani, wenye hoteli walilalamikia bendi za matarumbeta ufukweni, wapigaji wakaandamana na matarumbeta yao mpaka wakavurugana na polisi. Ukiwa na msalaba unaitwa mila, ukiwa na tarumbeta unaitwa kero.

Kisebusebu:
Mzee hapo kwenye mila nakuunga, ndo maana nasema Guanajuato wanajidanganya, wana tamasha kubwa kila Oktoba, Cervantino, tangu 1972, limepewa jina la Cervantes, mwandishi wa Kihispania, mtu ambaye Mexico hajakanyaga hata siku moja.

Mzee Kigogo:
Hajakanyaga lakini alitaka. 1590 aliandika barua kuomba ajira makoloni ya Hispania, sehemu mojawapo ni Soconusco ambayo leo ipo Chiapas, jimbo la Mexico, wakamtolea nje. Kwa hiyo Wameksiko wamempa kazi baada ya kufa. Na mizizi ya tamasha ni mwalimu wa chuo, Enrique Ruelas, 1953, anaigizisha vichekesho vifupi vya Cervantes pale uwanja wa San Roque, waigizaji wenyewe watu wa mjini. Hiyo nayo ni kuazima?

Kisebusebu:
Ndiyo.

Bi Mkubwa wa Tabata:
Nawasikiliza tu wanaume mnavyolilia usiku wa zamani. Kantina za Mexico mlangoni ziliandikwa marufuku wanawake, watoto na wenye sare, mpaka miaka ya 80 mwanzoni. Huo usiku wa wenyeji ulikuwa wa wenyeji gani? Hizo baa za juu ya paa mnazozisema vibaya, angalau binti anakaa anakunywa soda yake hakuna wa kumuuliza katoka wapi.

Nyakio wa Thika:
Mama umewamaliza. Lakini hiyo soda kwa paa la San Miguel bei yake binti wa kazi hawezi, yeye atakuwa ndiye anaileta na sinia.

Mchongoma:
Kwa hiyo tunakubaliana saa ngapi jamani? Mimi napendekeza saa sita usiku, harusi zimalizie ndani.

Pweza Mkavu:
Kisebusebu nimetoka kumuuliza babu yangu. Siti alirekodi Bombay, 1928. Kairo umeitoa wapi?

Kisebusebu:
Bombay, Kairo, kote alipanda meli. Hoja yangu ya nguo hujaijibu.